Sauti Iliyosikika Kanisani Siku ya Ubatizo wa Zisis

Kalopetra, Epiro
Jumapili, mwezi wa sita

Kaka yangu mpendwa Lukas,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima huko Stuttgart, na kwamba wifi Irmgard mgongo wake umetulia, na watoto wanaendelea vizuri na masomo. Ukiuliza hali yetu, sisi tunapumua na tunakula, mvua ilinyesha kwa wakati wake, na miti ya cheri imezaa mpaka matawi yanainama. Kilichozidi ni hasira tu. Ingekuwa hasira ni bidhaa, mji huu peke yake ungeiuza nje, tukalipa deni lote la taifa na chenji ikabaki.

Barua yako niliipata Jumatano. Niliisoma nimesimama nyuma ya kaunta, kisha nikakaa chini nikaisoma tena. Unasema Shangazi Kalliope alikupigia simu akilia, akakwambia kwamba mimi dada yako nimemvunjia heshima kumbaro wetu, msimamizi wa ubatizo, mbele ya madhabahu, kwamba nimeuharibu ubatizo wa mjukuu wangu mwenyewe, na kwamba mdomo wangu utamuua Baba. Unaniagiza niende ofisini kwa Mheshimiwa Skourtas, nibishe hodi, niinamishe kichwa na kuomba radhi, maana nafasi ya Baba katika hospitali ya Ioannina iko mikononi mwake. Kaka, wewe ndiye mkubwa wangu na sijawahi kukujibu vibaya. Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu hunikatiza, na jambo hili halitaki kukatizwa.

Habari ya hospitali unaijua nusu tu. Ni ile ile hospitali yetu ndogo juu ya soko, na zile mashine za kusafisha damu ziko kwenye chumba cha chini, upande wa bustani. Baba huenda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa pamoja na wenzake kumi. Anaondoka hapa mkahawani kwa miguu, anarudi amechoka kama aliyepigwa, lakini anarudi kulala kitandani kwake. Wakati wa baridi ikaja habari kwamba wakopeshaji wa nje wanataka hospitali ndogo zifungwe, la sivyo fungu jipya la mkopo halitoki, na fungu lisipotoka tutatupwa nje ya yuro turudi kwenye drakma zetu za zamani. Hospitali yetu ilikuwa miongoni mwa za kufungwa. Barabara ya kwenda Ioannina unaijua mwenyewe, kona juu ya kona, na theluji kuanzia Novemba. Sasa mfikirie mzee wa miaka themanini na mmoja akipita njia hiyo mara tatu kwa wiki, mkono umefungwa bandeji. Daktari alituambia bila kupepesa macho kwamba wengine hawatafika Pasaka.

Serikali siilaumu sana, na si kwa sababu ni njema. Siilaumu kwa sababu sikutegemea kitu kutoka kwake. Walisema watakata, wakakata. Sisi tegemeo letu lilikuwa upande wa pili wa Bunge, kwa watu wa upinzani, na upinzani wetu una jina na una uso. Kama umekaa ugenini mpaka umesahau kumbaro ni mtu gani, ngoja nikukumbushe. Marehemu mzee Skourtas ndiye aliyembatiza mwanangu Fanis. Mwanawe, huyu mbunge wetu Menelaos, ndiye aliyewavisha Fanis na Argyro mataji siku ya harusi yao. Na aliyewavisha maharusi mataji ndiye mwenye haki ya kumbatiza mtoto wao wa kwanza, huwezi kumnyima bila kuvunja udugu. Wanasiasa wetu wanaijua desturi hiyo kuliko mapadri. Huyu bwana ana watoto wa ubatizo katika kila kijiji cha bonde hili. Majina yao hayajui, ila kura za wazazi wao anazijua moja moja.

Basi mwezi wa tatu akaja mkahawani. Watu walijaa mpaka barazani. Baba alimpa kiti chake mwenyewe karibu na jiko, akaniambia nimpikie kahawa yenye povu. Wagonjwa wenzake Baba walikuja wote, hata anayetembelea magongo. Mwalimu Polyxeni, yule aliyemfundisha Fanis kusoma, ambaye sasa mashine yake iko ubavuni mwa ile ya Baba, alisimama akamuuliza waziwazi siku ya kura atasema nini. Mheshimiwa akainuka, akapiga meza ngumi vikombe vikaruka, akasema atasema hapana, hata wakimkata mkono atasema hapana, na chama kizima kitasema hapana. Akaeleza kwamba serikali imebaki na wabunge wachache wa kuiunga mkono, kwamba upinzani ukishikamana sheria ile haipiti, na wakopeshaji watalazimika kurudi mezani kuzungumza kama watu. Kaka, tulipiga makofi. Hata mimi nilipiga mpaka viganja vikauma. Baba alilia bila kuficha, akaagiza bilauri ya tsipuro, ile pombe yetu kali, kwa kila aliyekuwemo, akasema anywe kila mtu, leo tumepata wa kutusemea.

Siku ya kura ilikuwa alasiri, jua kali. Tuliwasha televisheni, nikazima mashine ya kahawa ili kelele zake zisituzuie kusikia. Wanaitwa kwa majina, mmoja mmoja, kila mtu anajibu kwa mdomo wake. Kuna anayesema ndiyo na kuna anayesema hapana. Na kuna jibu la tatu, ambalo mimi nilikuwa nikilisikia miaka yote bila kulitilia maanani. Asiyetaka kuwa upande wowote hujibu kwamba yupo, basi, akahesabiwa kuwa amehudhuria. Lilipoitwa jina la Skourtas Menelaos, Baba akaegemea mbele. Yule bwana akainuka, akafunga kifungo cha koti, akasema, “Nipo.” Akakaa.

Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini aliyemfuata katika chama chao akasema vilevile, na mwingine, na mwingine, chama kizima, wanaume na wanawake waliosoma mpaka vyuo vya Ulaya, wanainuka na kukaa kama watoto wanaoitwa majina darasani. Sheria ikapita, na tofauti ya kura ilikuwa ndogo kuliko idadi ya hao waliosema wapo. Kitsos mwuza nyama aliipigia kelele televisheni, “Tunakuona upo, mshenzi we! Nani alikuuliza kama upo?” Mwalimu Polyxeni alichukua mkoba wake, akanishika bega alipopita, akaenda nyumbani. Watu waliondoka bila kuaga.

Unajua Baba alisema nini? Alisema Menelaos lazima ana sababu. Alisema mtu wa siasa huona mbali kuliko sisi tunaoishia kwenye kona ya barabara. Nilimtazama, mkono wake una alama za sindano kuanzia kiganjani hadi kiwikoni, naye anamtetea. Roho ilinipanda nikatoka nje kufagia baraza ambayo ilikuwa safi.

Kesho yake Mheshimiwa akapiga simu. Nilipokea mimi. Akaniita kumbara Thomai kwa sauti ya upole, ile wanayotumia kwenye misiba, akasema anajua tumesikitika lakini mambo haya ni mazito. Chama kilikaa kikatafakari. Kama wangesema hapana na sarafu ikaanguka, mabenki yakafunga milango, watu wangewanyooshea vidole wao kwamba ndio waliotuletea drakma. Wakisema ndiyo, wapigakura wao wangewatafuna. Kwa hiyo waliamua kuwa upinzani wenye kuwajibika, hawakuunga mkono na hawakuzuia. Alilitamka hilo kwa fahari kabisa, upinzani wenye kuwajibika. Nikamuuliza kama na hospitali itafungwa hivyo hivyo, isifungwe na isifunguliwe. Akasema laini ina kelele, tutazungumza siku ya ubatizo.

Lukas, nisamehe kama ninapaza sauti kwenye karatasi. Mimi nimeuza kahawa kwa watu wa kila chama maisha yangu yote, na najua kutofautisha adui na mtu anayejitia hamnazo. Adui ukimwona unajipanga. Lakini huyu tulimtuma akamshike mkono mwenye kisu, naye alipofika akashika kofia yake isipeperuke. Kisha anarudi kutueleza habari za masoko! Masoko gani? Soko ninalolijua mimi linauza vitunguu, na siku hizi hata vitunguu watu wanavitazama tu. Hao wenzako kiwandani wanaokutania kwamba sisi ni wavivu, waambie huku tuna uvivu wa aina moja tu, nao uko Bungeni upande wa upinzani, umevaa suti na saa ya dhahabu. Mwoga wa kawaida hukimbia ukajua hayupo. Hawa wamegundua woga wa kukaa kitini na kulipwa posho.

Sasa tuje kwenye ubatizo. Fanis hakumtaka. Alisema heshima ya mataji aliimaliza mwenyewe alasiri ile, na kwamba yeye na Argyro wanataka mtoto abatizwe na Mwalimu Polyxeni. Mimi nilimuunga mkono. Baba akagonga fimbo sakafuni, akasema desturi haivunjwi kwa sababu ya siasa, kwamba udugu wa ubatizo ni wa mbele za Mungu na kura ni ya mbele za watu, na kwamba kama tunataka kumkataa Menelaos tusubiri kwanza yeye azikwe. Ukishaambiwa hivyo na mgonjwa utasema nini? Tukanywea. Argyro akashona vifuko vya lozi za sukari, mimi nikaoka mikate, Kitsos akachinja kondoo wawili.

Jumapili ile Mheshimiwa alifika mapema hapa mkahawani na gari jeusi, amebeba nguo za mtoto katika sanduku zuri na mshumaa mrefu wenye utepe. Hayo hatumnyimi, alileta vitu vya maana. Watu walimwamkia bila kumtazama usoni. Alikwenda moja kwa moja mpaka kona ya Baba, akavuta kiti, wakanong'onezana kwa muda mrefu, mkono wake juu ya goti la Baba. Niliwapelekea kahawa, wakanyamaza nilipokaribia. Baba hakuigusa yake.

Kanisani tulibanana. Shangazi Kalliope alikuwa mbele kabisa kama kawaida yake, amevaa ile kofia yake unayoijua. Baba tulimwekea kiti nyuma yangu, karibu na beseni la shaba, na wenzake wa mashine walisimama ukutani pembeni yake. Skourtas akampakata mtoto aliyefungwa taulo, Padri Evangelos akamgeuza aelekee magharibi, akamuuliza yale yanayoulizwa, kama anamkataa Shetani na kazi zake zote na fahari yake yote. Unakumbuka kwamba msimamizi huulizwa mara tatu na kujibu mara tatu kwa niaba ya mtoto. Mara ya kwanza akajibu kwamba anamkataa, lakini kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka kusikika mpaka nje. Padri akauliza mara ya pili. Skourtas akavuta pumzi, na kabla hajafungua mdomo ikasikika sauti, nyembamba, kali, imefika mpaka mlangoni:

“Padri, chunga huyo asije akajibu kwamba yupo!”

Kaka, kanisa lilipasuka kwa kicheko. Waimbaji waliinamia vitabu vyao mabega yakitikisika. Mwenye magongo alicheka mpaka gongo likamponyoka. Padri Evangelos alijifunika uso kwa kitabu cha sala, na ndevu zake zilikuwa zikichezacheza chini yake. Skourtas akageuka, amewiva uso, macho yanatafuta kwenye safu yetu. Nami nikanyoosha mkono nikasema, “Ni mimi, kumbaro.” Shangazi Kalliope akajifanyia ishara ya msalaba mara nyingi mfululizo, akaniambia nimelaaniwa. Padri akakohoa, akarudia swali. Safari hii Mheshimiwa alijibu kwa kishindo, anamkataa, anamkataa, mpaka Zisis akashtuka akaanza kulia. Mwalimu Polyxeni akaniambia sikioni kwamba ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kumsikia mwanachama wa chama kile akimpinga mtu kwa sauti kubwa.

Ubatizo ulikwisha salama, usiamini mengine. Mtoto alizamishwa, akapakwa mafuta, akapewa jina la marehemu mume wangu, na ni mtoto mzuri, ana masikio yako. Kwenye karamu Mheshimiwa alikaa mezani karibu na Baba, akajaza bilauri, akamtazama kama anayengoja kitu. Baba alikuwa anakata jibini. Akakata jibini vipande vidogo, akaendelea kukata, hakuinua kichwa. Mwishowe Skourtas akasema ana mkutano, akaondoka nyama haijaletwa. Mlangoni ndipo alipomwambia Shangazi kwamba alikuwa amemtafutia Baba, mzee Lambros, nafasi kwenye mashine za Ioannina, na chumba cha kulala karibu na hospitali, na kwamba kama hizi ndizo shukrani zetu yeye naye atajua la kufanya. Shangazi akautangazia mji mzima kabla sahani hazijaoshwa, kisha akakutangazia wewe.

Hapo ndipo barua yako inaponikuta. Nivute pumzi kidogo, maana sasa nakwambia jambo ambalo mpaka wiki iliyopita waliokuwa wakilijua ni wachache waliosimama karibu na kile kiti.

Sikuwa mimi, Lukas. Aliyesema ni Baba.

Tangu figo zilipokufa sauti yake imekuwa nyembamba, na alikuwa nyuma yangu hasa, kwa hiyo waliokuwa mbele walisikia sauti yangu. Na mdomo wangu unajulikana, hakuna aliyeshangaa. Skourtas alipogeuka niliona macho yake yanashuka kuelekea kwenye kiti cha Baba, na sikufikiri, niliinua mkono. Sikutaka mzee mgonjwa akemewe kanisani na mtu ambaye yeye Baba amekuwa akimnywesha kahawa tangu utoto wake. Baadaye niliposikia habari ya nafasi ya Ioannina nikasema afadhali hivyo hivyo. Acha wanichukie mimi, yeye apate mashine yake. Hata hiyo radhi unayoitaka, nilikuwa tayari kwenda kuiomba. Nilishapiga pasi gauni.

Asubuhi moja nilipokuwa navaa viatu Baba akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia. Lukas, sijamwona Baba akikasirika vile tangu tulipokuwa wadogo. Alinikaripia kwamba nimemwibia. Ndivyo alivyosema, nimemwibia mchana kweupe mbele ya mji mzima. Kisha akanieleza yale waliyonong'onezana pale konani. Skourtas alimwambia nafasi imepatikana, ni moja tu, anampa yeye kwa sababu ya udugu wao wa ubatizo, na wale wengine kumi wasijue kwanza. Na kwa kuwa watu wamekasirika na uchaguzi unakuja, angeomba tu kitu kidogo. Kwenye karamu, mzee Lambros, ambaye kila mtu anajua ni mwanachama wa tangu zamani na ni mgonjwa, ainuke na bilauri mkononi amshukuru mbunge wake hadharani kwa kuipigania hospitali. Baba alisema alikwenda kanisani akiwa bado hajui atafanya nini. Alisimama, yaani alikaa, akitazama ukutani walipokuwa wenzake, akamsikia Padri akiuliza mara ya kwanza na yule bwana akijibu kwa ile sauti ndogo, na maneno yakamtoka.

Basi Jumatatu alipotoka kwenye mashine akaniomba nimpigie namba ya ofisi. Akasema naye mwenyewe. Alimwambia, “Menelaos, ile sauti ilikuwa yangu.” Unajua yule bwana alifanya nini? Alicheka! Akamwambia mzee usijitwishe makosa ya binti yako, najua kina mama walivyo na midomo, mlete aombe radhi tuyamalize. Baba akarudia. Akamwambia hakuna anayejitwisha kitu. Akamwuliza kama anaweza kuwatafutia nafasi wote kumi na mmoja. Skourtas akasema hilo haliwezekani, hali ya nchi haitaruhusu. Baba akasema basi naye amtoe, asimwandike popote, na akakata simu yeye, Baba yetu ambaye hajawahi kumkatia simu hata mwuza kuni. Alichokasirikia zaidi ni kile kicheko. “Hata nikipiga kelele,” akaniambia, “wanasema ni mwanamke.”

Nililia, Kaka, na sikuficha. Nilimwambia kile chumba cha Ioannina kilikuwa uhai wake. Nilimwambia majira ya baridi yatamuua njiani. Akanijibu kwa utulivu, akinifuta uso kwa ncha ya kitambaa changu cha jikoni. Alisema tangu ujana wake amekuwa akimpigia kura mtu wa kumsemea, kwanza baba mtu, kisha mwana, na kila mara alirudi nyumbani akiamini kazi yake imekwisha. Alisema neno alilolisema mwenyewe ni moja tu, la Jumapili ile, na nikilichukua mimi atakufa hajawahi kusema kitu.

Kwa hiyo siendi kuomba radhi. Kosa si langu, na mwenyewe haliiti kosa. Keshawaambia wenzake kwenye chumba cha mashine, na Mwalimu Polyxeni akasema yeye alijua siku zote, alikuwa amesimama ubavuni pake. Malori ya kuja kubeba mashine yanatarajiwa mwisho wa mwezi. Wamekubaliana kwamba siku hiyo wataketi barabarani, juu ya daraja, wote kumi na mmoja na viti vyao, na Fanis na Kitsos watawabeba wasioweza kupanda. Sijui kama itasaidia. Daktari anasema ni wazimu, ila ameuliza saa ngapi. Watu wa chama walipiga simu kusema wanafuatilia hali kwa karibu. Niliwakatia.

Wewe kama una likizo, njoo. Kama huna, usihangaike kumpigia Skourtas wala kumtuma Shangazi, na tafadhali usimwandikie Baba maneno ya kumsihi. Anakula vizuri wiki hii kuliko mwezi mzima uliopita, na jana alimfukuza mteja aliyesema vyama vyote ni sawa, akamwambia akanywe kahawa yake kwingine.

Msalimie sana wifi Irmgard, na watoto wabusu mashavuni kwa niaba ya shangazi yao. Fanis na Argyro wanakusalimu, na Zisis pia kwa lugha yake. Kitsos anauliza kama kweli huko soseji zina nyama. Baba anakusalimu kwa mapenzi yake yote, lakini amesema ukijibu barua hii, usinijibu mimi. Bahasha uiandike kwa jina lake.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Thomai